Vikaratasi vya Zefania

Zefania alipofariki, shamba la alizeti lilienda kwa wanawe. Kopo lake la sarafu za zamani lilibaki kwa dada yake, Theodora, kwa kuwa hakuna mwingine aliyelitaka. Kila sarafu ilikuwa imefungwa kwenye kikaratasi, na juu yake Zefania ameandika ilikotoka: nani alimpa, wapi, mwaka gani.

Theodora alipolifungua kopo nyumbani Ikungi, alikuta sarafu tupu, bila kikaratasi hata kimoja.

"Zile takataka?" shangazi yake alishangaa alipoulizwa. "Mwanangu, siku ya mazishi kuni zilikuwa mbichi na watu mia mbili wanangoja ugali. Nikawashia moto. Hela zenyewe sikugusa hata moja, Mungu shahidi."

Theodora alimshukuru shangazi, akatoka nje.

Wiki iliyofuata alilichukua kopo, akapanda basi kwenda Singida mjini kwa mzee Mrisho, muuza vipuri vya baiskeli aliyekuwa akibadilishana sarafu na kaka yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Pole sana. Zefania alikuwa mbishi, lakini alikuwa mtu." Mrisho alimwaga sarafu juu ya kitambaa, akaokota ile yenye tundu, senti kumi ya mkoloni. "Unataka kuanza kukusanya? Basi shika ukingoni, hivi. Jasho la vidole linakula shaba. Na usisugue."

"Nimeshasugua moja. Kwa majivu na ndimu."

"Majivu! Hii ni sufuria?" Akaiona inavyong'aa, akaiweka pembeni, na mzaha ukamwishia. "Basi. Nyingine ziache na kutu yake."

"Vikaratasi vyake vimechomwa, mzee, nataka kuviandika upya. Niambie zilikotoka."

"Za mwaka gani nitakuambia, zimeandikwa. Zilikotoka alijua yeye."

"Basi tuandike tu," Theodora alisema. "Hii Shelui, hii Kintinku. Nani atabisha?"

Mrisho alifuta mikono yenye grisi. "Mwaka fulani nilimletea hela ya Mjerumani, safi kabisa. Nikamdanganya kwamba niliipata kwa bibi mmoja Manyoni. Alipogundua aliirudisha, na miezi minane hakunisalimu. Miezi minane, mama, na mlango huu anaupita kila gulio. Usipojua, andika hujui."

Theodora alirudi Ikungi. Alikata karatasi za daftari, akazipanga sarafu mezani, zote thelathini na saba. Tatu tu alizijua. Moja Zefania aliiokota shambani akipalilia, moja alipewa na padri, na yenye picha ya samaki, senti tano, Theodora mwenyewe ndiye aliyempa, siku ya ubatizo wa mtoto wake. Aliziandika hizo kwanza, polepole. Kisha akaanza nyingine: Sijui. Sijui. Mwandiko wake haukufanana na wa kaka yake hata kidogo.

Akafika kwenye ya mbuni, senti ishirini, akasimamisha kalamu. Hii aliikumbuka. Zefania alikuja nayo mbio, amefurahi kama mtoto, akasimama mlangoni akaieleza habari yake yote, mwanzo hadi mwisho. Theodora alikuwa anapepeta uwele, na mvua ilikuwa inatishia. Aliitikia "ee, ee" bila kuinua kichwa.

Mwishowe akaandika: Aliniambia. Sikusikiliza.