Kitanda cha Jikoni

Tangu siku ya mkutano, Mama Ndoo hakupita uani kwake bila kuutupia jicho ukuta wa jirani. Jina hilo watu walimpa kwa kuwa hakuna aliyewahi kukutana naye asubuhi akiwa hana ndoo mkononi. Mumewe alipofariki alimwachia kiwanja chembamba, nyumba ya vyumba viwili, na ng'ombe mmoja wa maziwa aliyeitwa Shukrani.

Kwenye mkutano bwana afya alikuwa ameeleza sheria mpya. Banda la ng'ombe lisikae ndani ya mita thelathini kutoka nyumba ya jirani. Litakalokutwa karibu zaidi ya hapo, mwenye nalo atapewa wiki mbili amwondoe mnyama. Mama Ndoo alishusha pumzi, maana alikwisha kupima kwa kamba, kutoka bandani mpaka kwenye ukuta wa nyumba ya jirani yake, na kamba ilimpa nafasi ya kutosha. Ndipo mtu mmoja wa nyuma akauliza nyumba hasa ni nini. Bwana afya akajibu kwamba ni popote mtu anapolala. Mlevi mmoja akataka kujua kama naye akilala mtaroni, mtaro nao utapimwa. Watu wakaangua kicheko, na Mama Ndoo alicheka pamoja nao mpaka katikati, kisha akaacha.

Alikuwa amekumbuka kitanda.

Jirani yake, mwanamke ambaye watu wote walimwita Fundi kwa sababu ya cherehani yake, alikuwa akiishi na mama yake mzazi. Msimu wa baridi uliopita bibi huyo alishikwa na kikohozi kilichogoma kutoka. Akakataa kulala ndani. Alitaka jikoni, kwenye kibanda cha nje chenye mafiga, kwa sababu huko majivu hukaa na joto mpaka asubuhi. Fundi hakuwa na kitanda cha ziada. Mama Ndoo akatoa chake, kile cha mbao alicholalia marehemu mume wake, wakakibeba wao wawili, huku na huku, wakakipitisha kwenye uwazi wa ua na kukiweka kando ya mafiga. Kikohozi kikapoa. Bibi hakurudi ndani tena. Na jiko lile la Fundi lilikuwa limeegemea ua, karibu na banda kiasi kwamba Shukrani akipiga chafya, bibi humwambia apone.

Kulisogeza banda hakukuwezekana. Nyuma yake ardhi ilishuka moja kwa moja mpaka kijitoni, na kijito nacho kilikuwa na sheria yake ya kutokaribiwa na banda. Pahali pengine pa kumpeleka ng'ombe palikuwa kwa kaka yake, ng'ambo ya milima, safari ya lori. Shukrani alikuwa na mimba pevu, kiwele kimeanza kujaa. Ng'ombe aliyemtangulia aliwahi kupakiwa kwenye lori akiwa katika hali hiyohiyo, na ndama alitoka njiani akiwa amekufa. Mama Ndoo hakulisahau lile turubai lililofunika kile kitu kidogo.

Siku mbili alikaa na jambo hilo kifuani. Alikata majani akasahau kuyapeleka. Alipika uji akauacha nje mpaka ukaanza kunukia vibaya. Akipiga magoti kusali, maneno yalikuja nusu. Angemwomba Mungu nini? Amfichie kitanda?

Mwishowe alikwenda kwa Fundi, akamkuta anashona sare za shule. Alimweleza yote akiwa amesimama. Fundi hakuinua hata mguu kwenye pedali.

"Sasa hilo ndilo lililokukondesha?" akasema. "Siku ya kupima tunamtoa mama, tunatoa kitanda, tunajaza kuni. Nani atajua?"

"Bibi atakubali?"

"Mama akiambiwa ni kwa ajili ya yule rafiki yake mwenye pembe, atakubali."

Wakacheka. Mama Ndoo alirudi kwake mwepesi, akalala usingizi wa kwanza wa maana tangu mkutano. Lakini alipoamka wepesi ule ulikuwa umekwenda, na alipojaribu kusali aliona kama anaongea na mtu aliyempa kisogo.

Bibi alihamishiwa ndani jioni ya kabla ya kupimwa. Asubuhi bwana afya alifika na pikipiki, futi kamba ikining'inia begani, viatu vimejaa vumbi. Alikuwa kijana mpole aliyesalimia kila mtu. Aliingia bandani, akasifu sakafu kwa kutotuamisha mkojo, akamtazama Shukrani ubavuni na kusema huyu atazaa si muda mrefu. Kisha akachungulia jikoni kwa Fundi. Kuni zilikuwa zimepangwa mpaka karibu na paa.

"Hapa kuni tu?"

"Kuni tu," Fundi akajibu.

Wakavuta futi kamba mpaka kwenye ukuta wa nyumba. Bwana afya akasoma, akatikisa kichwa kukubali, akasema banda limepita. Akaongeza, bila ubaya, kwamba atakuwa anarudi mara kwa mara bila taarifa, kwa sababu watu wana mambo mengi.

Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, amejifunga shuka mbili. Bwana afya alimwamkia, naye akafungua kinywa kuitikia. Badala ya neno kikatoka kikohozi. Kilikuwa kilekile cha mwaka jana, kirefu, cha kumkunja mtu mpaka kichwa kikaribie magoti. Fundi alimshika mgongo na kutazama pembeni.

Mama Ndoo alimtazama bibi. Usiku mmoja tu mbali na majivu. Na hilo neno, mara kwa mara. Alikuwa ameihesabu kama siku moja ya kuficha kitanda, na sasa aliona kwamba kila asubuhi ya baridi ingekuwa siku hiyo, na kifua cha bibi ndicho kingelipia. Bwana afya alikuwa tayari ameshika usukani wa pikipiki.

"Subiri kidogo, bwana afya," akasema. Sauti yake ilimtoka ndogo. "Bibi analala jikoni. Tumemhamisha jana. Kitanda ni changu, nilikipeleka mwenyewe."

Fundi akamgeukia. "Jirani, wewe una akili timamu?"

Bwana afya alisimama, kisha akaifungua tena futi kamba. Safari hii haikuwa na haja ya kuvutwa mbali. Alisoma, akasema kwamba angependa asingesikia, lakini amesikia. Wiki mbili. Mama Ndoo alijibu kwamba ameelewa, ingawa alichokiona ni turubai tu.

"Wewe mjukuu," bibi akaita, pumzi zikiwa bado hazijatulia. "Na nikilala kwa huyu mwenye ng'ombe, utapima nini?"

Bwana afya alifikiri. Nyumba ya mwenye mifugo mwenyewe haihesabiki, akasema. Yeye akitaka hata alale na ng'ombe wake shuka moja.

"Basi nahamia kwake. Ana mafiga, na ng'ombe wake hajawahi kuniuliza kama nimekunywa dawa."

Hakuna aliyecheka. Uso wa Fundi ulikuwa umebadilika. Alisema polepole kwamba watu watasema amemtoa mama yake nyumbani kwa sababu ya ng'ombe wa mtu. Bibi akamwambia watu hao si wanaomfunika yeye shuka usiku. Bwana afya alitazama chini, akasema iwapo kitanda kitavuka ua leo, wiki mbili atazifuta, naye atapita jioni kuhakikisha.

Kwa hiyo wale wawili wakakibeba tena, kupitia uwazi uleule, Fundi upande wa kichwani, Mama Ndoo upande wa miguuni. Walikishusha kando ya mafiga ya Mama Ndoo, Fundi akatandika mwenyewe, akapapasa godoro kila upande kama anayetafuta sindano. Mlangoni akasimama.

"Akikohoa, niite. Nataka niitwe mimi, usimwite mwingine."

"Nitakuita, dada."

Jioni bwana afya alipita, akaona, akaondoka. Mama Ndoo alichochea moto, akaketi kati ya jiko na uwazi wa banda. Upande mmoja bibi alikuwa akikohoa, ingawa sasa kwa vipande vifupi. Upande wa pili Shukrani alihema kwa uzito na kubadilisha miguu, kama ng'ombe wanavyofanya wakikaribia kuzaa. Mama Ndoo akapiga magoti. Hakujua aanze kumwombea nani, akasikiliza, akaanza na kikohozi.