Ini la Refa

Wachezaji walimpachika jina Kadi Njano kwa sababu ya macho yake yaliyogeuka manjano. Refa mwenyewe alicheka nao. Kilichomkera ni kuwashwa. Viganja na nyayo viliwasha kwa ndani kabisa, kucha zisikofika, naye akawa anajisugua kwa brashi ya viatu mpaka anachubuka.

Daktari wa ini alimchorea mti kwenye karatasi.

"Hii ndiyo mirija ya nyongo. Yako inavimba na kuota makovu, nyongo inakwama. Ni ugonjwa wa kudumu, na chanzo chake hatukijui vizuri. Tunashuku bakteria wa utumboni nao wana mkono wao."

"Basi nipe dawa niwamalize."

"Taratibu, dada. Wengine wana faida. Ipo antibayotiki moja inayobaki humohumo utumboni, kwenye damu haiingii sana. Wapo iliowasaidia, wapo ambao haikuwafaa kitu. Utafiti bado unaendelea. Tutakupima damu kila wiki mbili, na nikisema acha, unaacha."

"Sawa. Ila mbio siachi."

Wiki hiyohiyo mwenyekiti wa waamuzi alimwita ofisini. Jina la refa lilikuwa limekwisha kukatwa kwenye orodha ya waamuzi wa mechi.

"Afya kwanza, mwanangu. Kapumzike nyumbani."

"Mzee, mimi naumwa ini, siumwi miguu. Mwisho wa mwezi kuna kipimo cha mbio. Nikishindwa, nitoe kabisa. Nikifaulu, utalirudisha jina langu kwa mkono wako mwenyewe."

Nyumbani dada yake mkubwa aliangua kilio. "Unataka ukafie uwanjani?"

"Kufa nitakufa siku ikifika, dada. Kwa sasa nitafutie soksi zangu."

Alimeza vidonge kama alivyoelekezwa, bila kuruka hata kimoja. Wiki ya tatu aliamka asubuhi akashtuka: alikuwa amelala usiku kucha bila kujikuna. Vipimo vya ini kwenye damu, vilivyokuwa juu mno, navyo vilikuwa vimeshuka karibu nusu. Dada mtu, kwa furaha, akakimbilia duka la dawa na kurudi na antibayotiki nyingine, eti ya kuongezea nguvu.

"Rudisha," refa alisema. "Hii siyo pilipili, useme ukizidisha mchuzi unakolea."

Siku ya kipimo ubavu ulimchoma kuanzia mzunguko wa nne. Vijana walimpita mmoja mmoja. Alikaza meno, akamaliza wa pili kutoka mwisho, sekunde tatu ndani ya muda. Akaenda moja kwa moja mezani kwa mwenyekiti, jasho likimdondoka kwenye karatasi, akasimama pale mpaka mzee alipoandika herufi ya mwisho ya jina lake.

Daktari alifurahi, lakini hakumficha. "Makovu bado yapo. Huenda siku moja ukahitaji ini jingine."

"Siku hiyo tutaongea. Jumapili nina mechi."

Jumapili, dakika ya kumi na moja, alipuliza penalti dhidi ya wenyeji. Nahodha wao, pande la mtu, alimjia akifoka, pua kwa pua, uwanja mzima ukizomea. Refa hakurudi nyuma hata unyayo. Alinyoosha mkono kwenye alama ya penalti, akangoja mpira uwekwe.