Diski ya Juu ya Kabati

Daktari wa upasuaji alinipa mpaka saa nne kamili asubuhi. Dada yangu mkubwa alikuwa ameshavalishwa gauni la kijani, ameketi kwenye korido nje ya chumba cha kompyuta cha hospitali, na fundi wa chumba hicho ni mimi. Picha za ndani ya kichwa chake za mwaka jana zilikuwa kwenye diski moja tu ya nje. Kama lile doa lililoonekana wiki hii kwenye ubongo wake lilikuwepo tangu wakati huo na halijakua, hapasuliwi. Kama halikuwepo, anapasuliwa leo.

Diski ikanigomea. Nilichomeka, taa ikawaka, kompyuta yetu yenye mfumo wa Unix ikaiona, na kabla sijamaliza kuandika amri ya kuifungua ikapotea. Nikachomoa, nikachomeka tena. Ikaja kwa jina jingine, ikapotea. Kila mara mfumo uliniandikia mstari uleule: kifaa kimekatika.

Mpiga picha za wagonjwa, mwenzangu wa miaka sita, akashauri tuendeshe programu ya kurekebisha diski. Nilimkatalia kwa ukali ambao hakustahili. Programu ile huandika juu ya diski, na diski inayokatika hivyo ukiiandikia unaizika. Haraka haraka haina baraka, na siku hiyo baraka nilizihitaji zote.

Saa nne kasoro robo. Nilikuwa naogopa, na mtu mwenye hofu husoma mstari wa mwisho tu. Nikajilazimisha kusoma ujumbe wote tangu juu. Hapo nikauona mstari nilioudharau: umeme hautoshi.

Nikaufuata waya kwa macho. Ulitoka kwenye kompyuta, ukapita nyuma ya meza, ukapanda ukutani hadi juu ya kabati, mita tatu nzima. Sheria yangu mwenyewe. Tangu mtu aimwagie diski chai, niliamuru zote zikae juu kule, na karatasi nikabandika, na sahihi nikatia. Umeme ulikuwa unachoka njiani. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mpiga picha aliishusha diski, akaiweka kando ya kikombe chake cha chai.

Nikachukua waya wa shubiri moja. Nikaifungua diski kwa kusoma tu, bila kuiandikia kitu, kisha nikahesabu mpaka sitini. Haikupotea. Nilifurahi kama mjinga, nikampiga mwenzangu begani.

Akaziweka picha mbili sambamba. Kulia, ya wiki hii, doa. Kushoto, ya mwaka jana, hakuna kitu. Akapitia vipande vyote vya picha, kimoja kimoja, akarudia, akaondoa mkono kwenye kipanya. Nilitamani diski ikatike tena.

Dada alichungulia mlangoni, gauni amelishikilia kwa nyuma.

“Imefunguka, mdogo wangu?”

“Imefunguka, dada.”

Akacheka, mara ya kwanza tangu alfajiri. “Nilijua tu utaiweza. Basi nikavae nguo zangu?”

Nikamvutia kiti.