Sahani ya Ndagala

...na sitakula, na shingo yangu siiinamishi, hata wakae wamesimama hapa mpaka ziwa likauke, minye ni Nyirabahizi wa Sebagenzi, wa Bijombo kule juu, na kwetu kinywa kilichoonja samaki hakigusi maziwa tena, hilo hata mtoto wa mgongoni analijua, ng'ombe watakauka, ndama watakufa, na hawa ndagala wanalala pale juu ya bugari langu, wameoga mawese, kila mmoja na kajicho kake kananitazama, wananuka ziwa zima, na wasichana wote wako nyuma ya mabenchi, mikono mgongoni, kama sheria inavyosema, hakuna kutoka chumba cha kulia mpaka sahani ya mwisho iwe nyeupe, na sahani ya mwisho ni yangu, basi watazame, watazame vizuri, waone mtoto wa wenye ng'ombe anavyosimama... Madame Georgette anasema kitu, sauti yake haipandi, haijawahi kupanda tangu awe direktrisi wa shule yetu, ndiyo maana inatisha, anasema, "Nyirabahizi, utakula mbele ya kengele kulia, ao utafunga valizi yako leo hii," na nyuma yake mlangoni mzee Evariste wa kengele ameshika kinyundo chake, anaangalia jua, na mguu mmoja ameshauweka nje.

Valizi, haya, nifunge, kuna nini ndani yake, nguo mbili za shule, Biblia, blanketi lenye harufu ya moshi wa kwetu ambalo sikulifua makusudi muhula mzima, lakini valizi hiyo aliibeba baba kichwani, Sebagenzi mwenyewe, mushemasi, mtu ambaye akipita na fimbo yake wengine wanampisha njia, aliibeba kichwani mbele ya watu kutoka Bijombo mpaka huku chini kwenye joto, na wazee walimcheka, walisema msichana akishajua kusoma hatajua tena kusukasuka maziwa, nani atamuoa, na baba akasema tu kwamba anataka binti wa kwanza wa milima kuwa mwalimu atoke nyumbani mwake, akaendelea kutembea, na minye nyuma yake nilikuwa nimejaa, nimejaa kama kibuyu, nilitaka njia isiishe... nikirudi na valizi hiyo kabla ya mtihani, ni nani tena atamshusha binti yake, mdogo wangu Nyirahabimana anajifunza herufi kwa kijiti katika majivu, ananingoja minye, wote wananingoja, wale wazee pia wananingoja, wale kwa sababu nyingine.

Lakini nikila, huko juu nitarudi na kinywa gani, nyogokuru Mukamurenzi, mama wa baba, alinishika mashavu asubuhi ile ya kuondoka, mikono yake ikinuka siagi, akaniambia huko unakokwenda wanakula vitu vya majini, weye usile, inkongoro yako nitakutunzia, na ni kweli ananitunzia, kile chombo changu cha mti cha kunywea maziwa kinakaa juu kabisa, hakiguswi na mtu, anakifukiza moshi kila wiki kana kwamba nitaingia jioni hiyo, na kanisani mchungaji akifika pale penye mikate na samaki wawili, siye wote tunakohoa, mchungaji mwenyewe anasoma mbio mbio, siku moja nilimuuliza nyogokuru, sasa Yesu je, alikula samaki, imeandikwa, naye akafikiri sana, akasema Yesu hakuwa na ng'ombe, mwanangu, alifanya alivyoweza... karibu nicheke, hapa, mbele ya Madame, Mungu anisaidie nisicheke.

"Unanisikia?" anasema Madame, namsikia, Madame, namsikia, namjua pia, ndiye aliyenisimamisha hivi, nani mwingine, wakati wa mamuzeli wa misheni, wale wazungu waliokuwa na shule hii, siye wa milimani tulikuwa na meza yetu pembeni, meza ndogo, na sufuria yetu ndogo ya maharage, mamuzeli walituonyesha kwa wageni, hawa ndio watoto wa wenye ng'ombe, tazameni vidole vyao, na minye mjinga nilifurahi, niliona ni heshima, kumbe tulikuwa tunaonyeshwa kama maua ya mezani, kisha uhuru ukaja, mamuzeli wakapanda gari, na Madame Georgette aliyekuwa akiwatafsiria maneno yao kila asubuhi akakaa katika kiti chao, na siku ya kwanza hakutoa hotuba, alishika meza yetu kwa upande mmoja, akamwita Evariste ashike upande wa pili, wakaipeleka jikoni, mpaka leo wanakatia sombe, majani ya muhogo, juu yake, akarudi akijifuta mikono, akasema uhuru hauna sufuria mbili, na nilipiga makofi kuliko wote, mikono iliniuma... nilipiga makofi, ndiyo, kwa sababu maharage yalikuwa bado yapo. Kila siku maharage, ndagala mara moja moja, na siku ya ndagala nilikula bugari na sombe, nikapita, hakuna aliyeniuliza. Ni rahisi kupigia makofi sufuria moja kama ndani yake mna chakula chako.

Sasa maharage hayako, yalikuwa yanatoka Sange kwa kamyo, na barabara ya Sange imefungwa, huku wanajeshi, kule vijana wa uasi na mikuki yao na dawa zao, Sabine kiongozi wa meza yetu ni wa Lubarika na hajapata habari ya mama yake tangu mvua zianze, kamyo haipiti, hakuna mchele, hakuna maharage, ni ziwa tu lisilojua bariere za wanajeshi, na baba yake Félicité, papa Libérat mvuvi, kila asubuhi anatoka majini na taa zake zimezimika, anapitia mlango wa nyuma wa shule na kikapu kinachovuja, wenzake wanavusha samaki wao ng'ambo kule wanakouza vizuri, yeye anasema batoto ba masomo kwanza, anamimina, anaondoka, hata kikombe cha chai hangoji... na hiyo ndiyo ninayokataa, kikapu cha papa Libérat, lakini sikukataa kwa dharau, sikukataa kwa dharau, nilitoa kwa Félicité, chini ya meza, rafiki yangu tangu kalasi ya kwanza, kitanda chake kando ya changu, ndagala zangu zikapita kwake na bugari lake likapita kwangu, na tukaendelea hivyo vizuri mpaka juzi nilipoanguka katika mazoezi ya viungo, bugari tupu halisimamishi mtu mrefu, na leo Sabine akaona mkono wa Félicité chini ya meza, akasema, kazi yake ni kusema, simlaumu, namlaumu kidogo.

Na Félicité alipoulizwa alisema nini, hapo ndipo pananichoma, anasimama mbele yangu ng'ambo ya meza, mafuta bado kwenye vidole, alisema, "Ni minye nilimuomba, Madame, minye ni mulafi," mbele ya wote, wadogo wakacheka, mtoto wa mvuvi ambaye samaki kwao wanaanikwa mpaka juu ya paa anajiita mlafi wa samaki, nani aliyemwamini, hakuna aliyemwamini, lakini alisema, masikio yake yakawaka, na minye nilikuwa wapi, nilikuwa hapa hapa na shingo yangu hii ndefu, nikitazama ukuta, nikangoja maneno yake yapite, malkia mzima. Madame alituambia wote, polepole, "Inje kule batu banaanza kuulizana, weye iko wa wapi, weye iko wa nani. Humu ndani, hapana. Humu tunakulaka pamoja," na najua anasema kweli, jana sokoni mama mmoja aliyezoea kuniita binti aliniuliza tena jina la baba yangu, akaangalia pua yangu wakati wa kuniuliza, na kama Madame ataniachia sahani yangu peke yangu, kesho Sabine ataomba ya kwake, kesho kutwa ile meza ndogo itarudi kutoka jikoni na miguu yake, najua, si mtoto, najua yote, lakini tumbo halijui, tumbo ni la Bijombo, mkataa kwao ni mtumwa, na kwetu ni kwetu, na Félicité ananitazama, hanisihi, ananitazama tu kama alivyonitazama...

...kama alivyonitazama kule, likizo ile, nilipompandisha Bijombo, midomo imempasuka kwa baridi, meno yanagongana, na nyogokuru akamtolea maziwa ya mgando katika inkongoro kubwa ya wageni, imejaa mpaka ukingoni, inanukia moshi, na nilikuwa sikumwambia kitu, mjinga minye, nilifikiri ni nani duniani asiyependa maziwa, na nikaona uso wake harufu ilipomfikia, niliona koo lake linavyofunga, akanitazama, mara moja, kisha akashika kwa mikono miwili kama alivyotuona siye tunashika, akanywa, akanywa yote, akapumzika katikati, akanywa tena, akafuta mdomo, akasema, "Aksanti, nyogokuru," akaenda nyuma ya zizi taratibu kama mtu anayekwenda kutazama ndama, na yote yakarudi juu, aliniambia mwenyewe siku tunashuka, tulicheka mpaka tukakaa chini njiani, alisema mambo yote ya ng'ombe wenu nimeyaacha kule nyuma ya zizi, na nyogokuru hakujua, tulisema, afadhali hakujua, kwetu kuyatapika maziwa ni kuwatukana ng'ombe... hakujua... ngoja. Ngoja kwanza. Nyogokuru aliondoka pale. Félicité aliporudi na kukaa, nyogokuru aliinuka na fimbo yake, akaenda nyuma ya zizi naye, na nilimwona kupitia miti ya zizi, alikuwa anasogeza udongo kwa mguu, anafukia kitu, nilidhani mavi ya ndama, nyogokuru hapendi uchafu, akafukia taratibu, akaukanyaga udongo, akarudi, mguu wake mmoja una tope mpaka kwenye kifundo, akakaa karibu na Félicité, akamvika ncha ya kitambaa chake mabegani, akaniambia kwa lugha yetu, "Huyu amelelewa."

Na miaka hii yote nilijua alimsifu kwa kunywa, kumbe si hivyo, neno lile halikuja chombo kilipokuwa kitupu, lilikuja baada ya tope, aliyaona maziwa yake chini, maziwa ya ng'ombe wake, akayafukia kwa mguu wake mwenyewe ili mgeni asione haya, na ndipo akasema amelelewa, yeye huyo huyo aliyenishika mashavu, yeye huyo huyo... ee nyogokuru, ungekaa hapa leo nyuma ya benchi hili, ungeutazama mkono wa nani, wangu huu uliojificha mgongoni, ao ule wa Félicité wenye mafuta. Inkongoro yangu utaishusha, hilo najua, sitajidanganya, nitakuambia mwenyewe mlangoni kabla sijaingia, nimekula samaki, nyogokuru, utanitolea maji katika kikombe cha bati kama mpita njia, na nitalia, nitalia sana, lakini hutasema sikulelewa, hilo hutaweza kulisema, na Nyirahabimana atashuka na valizi ile ile, na minye ni yule yule, shingo ni ile ile, tazama, inainama kidogo tu, mtu anainama ili afikie sahani.

Evariste ameinua kinyundo. Nakaa. Benchi linalia chini yangu, nanawa vidole katika bakuli, namega bugari, nalifinyanga kama nilivyomwona Félicité akifinyanga mara nyingi chini ya meza na juu ya meza, harufu inapanda, koo linafunga, lifunge tu, lake pia lilifunga, na nainua macho, na ninasema kwa sauti ya kutosha wadogo waliocheka wanisikie, "Félicité, kwenu munaanzaka na kichwa ao na mukia?"

"Hakuna cha kichwa, hakuna cha mukia," anasema, "unaingiza yote."

Yote, haya, naingiza yote, na kinyundo bado kiko juu, kengele haijalia, Madame ameona, Sabine ameona, kila mtu humu ni shahidi, ili kesho asitokee mtu kusema ni kengele iliyonilisha.