Mwandiko wa Marehemu

Mtu aliyetaka kadi ya harusi ya kuliza watu alielekezwa kwa Bibi Kadi. Hakuwa bibi kwa umri. Arobaini yenyewe alikuwa hajaigusa. Jina walimpachika wateja kwa jinsi alivyowahoji maharusi kama mkwe mbishi: mlikutana wapi, nani alianza kucheka, barua ya kwanza iko wapi? Majibu aliyaweka kwenye karatasi nzito ya rangi ya maziwa, kwa mkono wake mwenyewe.

Siku moja akaingia bwana harusi mtanashati, manukato yamemtangulia, chingamu mdomoni, daftari kuukuu kwapani.

"Dada, hili ni la marehemu mama mkwe wangu," alisema. "Kabla hajafariki alinipa baraka zake kwa mdomo. Mchumba wangu hajui. Nataka azisome kwenye kadi, kwa mwandiko wa mama yake."

Bibi Kadi machozi yalimlengalenga. Siku tatu alishinda na lile daftari, lililojaa orodha za sabuni, unga na dawa ya kikohozi. Alijifunza jinsi mama yule alivyoilaza m, na alivyoikata t juujuu kama mtu mwenye haraka zake. Siku ya nne akaandika: *Mwanangu kipenzi, huyu ndiye niliyekuombea. Nendeni kwa amani. Mama yako.* Akaitazama kazi yake, akajipongeza, akaipiga picha na kumtumia bwana harusi.

Mchana wake akaja mama mdogo wa bibi harusi, kuleta majina ya waalikwa. Kadi ilikuwa mezani. Aliisoma amesimama, kisha akaiweka chini kwa ncha za vidole viwili, kama mtu aliyeokota kitambaa cha makamasi.

"Nani kaandika uchafu huu?"

"Mama, ni baraka za marehemu..."

"Baraka zipi? Dada yangu nimemuuguza mimi, miezi mitano. Huyo kijana alikuja mara moja, akatimuliwa. Dada akamwambia binti yake, na mimi nimekaa palepale kitandani: 'Huyu simtaki, hata nikifa simtaki.' Unafikiri kwa nini mtoto anasitasita mpaka leo?"

Mgeni alipoondoka, Bibi Kadi alinawa mikono mara mbili, kisha akampigia simu bwana harusi.

Alikuja anatafuna, hana hata chembe ya haya.

"Kwani marehemu atamlalamikia nani?" alisema, akicheka. "Yule anataka ruhusa ya mama yake tu, basi. Nimempatia. Ile picha nimeshamtumia, analia kwa furaha."

Akaitoa chingamu mdomoni, akatupa macho huku na huku, akachukua karatasi moja ya majaribio ya ule mwandiko, akaikunjia humo. Mate yakalowesha neno *Mwanangu*.

"Toka," Bibi Kadi alisema.

"Nitalipa mara mbili."

"Toka kabla sijakutapikia!"

Alipotoka, Bibi Kadi aliitafuta namba ya bibi harusi. Binti alipokea kwa sauti iliyokauka kwa kilio. "Dada, Mungu akubariki! Umenirudishia mama yangu!" Bibi Kadi alifumba macho, akamweleza yote, bila kujitetea. Simu ikakatwa.

Asubuhi yake binti alifika na mama yake mdogo. Hakuketi. Aliomba daftari, akaomba na karatasi zote za majaribio, akazichana moja moja mpaka zikawa vipande visivyosomeka.

"Nimemwambia asinitafute tena," alisema. "Harusi hakuna."

"Pole sana, mdogo wangu." Bibi Kadi alinyoosha mkono.

Binti aliutazama ule mkono, wake akauficha nyuma ya daftari. "Asante kwa kusema ukweli. Lakini samahani, dada, huo mkono siwezi kuushika. Unanitia kinyaa."

Bibi Kadi alitikisa kichwa kukubali. Hata yeye ulikuwa ukimtia kinyaa tangu jana. Kadi anatengeneza mpaka leo, ila ukimpelekea mwandiko wa mtu aliyekufa, atakurudisha hata hujavuka kizingiti.