Aliyezaliwa Nyuma ya Mapacha

Mwaka jana nilinyimwa ubatizo kwa jibu moja tu. Katekista Dastan aliuliza Roho Mtakatifu ni nani, nami nikajibu mbele ya watu: ni Shija. Kigango kizima kikacheka. Wacheke tu. Kwetu mapacha ni Kulwa na Doto, na anayezaliwa nyuma yao huitwa Shija, apende asipende. Mimi mwenyewe ndiye Shija. Baba, Mwana, kisha anayefuata, ningejibu nini?

Dastan akasema hapana, mama, wote watatu ni sawa, hakuna aliyetangulia wala aliyebaki nyuma. Akanirudisha darasani mwaka mzima.

Aliyeumia zaidi ni mume wangu, Ndaki. Yeye ni Mkatoliki tangu utotoni, lakini miaka ishirini na tisa hajapokea komunyo kwa sababu ndoa yetu haijabarikiwa, na anataka nibatizwe kwanza. Kila Jumapili wenzake wakienda mbele, yeye hubaki kwenye benchi akitazama viatu vyake.

"Mama Pelagia, wewe sema tu: nafsi tatu, Mungu mmoja. Maneno manne yanakushinda?" Ndaki huniambia.

Kusema naweza. Hata kasuku anasema. Ila Kwaresima hii jambo hilo lilinikaa moyoni nikakosa raha kabisa. Napulizia pamba dawa, bomba mgongoni, huku nabishana peke yangu mpaka naruka mistari. Watatu, na hakuna wa mwisho? Kwenye mji wa nani huo? Kulwa na Doto walipozaliwa walichezewa ngoma. Mimi hata kuku hakuchinjwa. Nguo zao zikichakaa ndipo nazivaa. Shule walienda wao, mimi nikaulizwa ng'ombe watachungwa na nani. Sikuwa na kinyongo, nilijua dunia ndivyo ilivyo. Leo Dastan ananiambia kwa Mungu sivyo. Kusema kweli nilikasirika. Kama inawezekana, kwa nini haikuwezekana nyumbani kwetu?

Wiki moja kabla ya Pasaka, Padre Keneth alikuja kutuhoji. Ndaki alikaa nyuma yangu akikohoakohoa. Padre akauliza swali lile lile, nikayasema maneno manne. Nikamsikia Ndaki akishusha pumzi. Ningenyamaza hapo mambo yangekwisha, lakini mdomo wangu haujawahi kunisikiliza.

"Padre, hayo nimekariri tu. Watatu wakikaa pamoja, wa tatu hula makombo. Sijaona pengine."

Ndaki akainamisha kichwa. Padre hakucheka.

"Hata mimi sijaona pengine, mama. Ni kwa Mungu peke yake. Unaamini hivyo?"

"Natamani iwe kweli. Natamani mno."

Akaandika jina langu kwenye orodha ya watakaobatizwa.

Jumapili ya Pasaka niliinama juu ya beseni. Padre alichota maji kwa kikombe. Kwa jina la Baba, yakanijaa masikioni. Na la Mwana, yakanishuka shingoni. Hapo nikageuza shingo, nikafumbua jicho niutazame mkono wake, maana fungu la tatu nalijua lilivyo. Akachota tena, kikombe kikajaa hadi ukingoni, akanimiminia chote.

Nililia kwa sauti, mtu mzima mwenye wajukuu. Ndaki akanishika bega, akidhani maji yameniingia puani.