Kitunguu Kilichochukua Tuzo Yangu

Usiku wa jana niliota naitwa kupokea tuzo ya heshima, na kwenye kiti changu, mstari wa mbele kabisa, kimekaa kitunguu maji.

Mimi nilikuwa nimevaa kanzu ya kuendea arobaini ya mama, ile niliyoining'iniza mlangoni kabla ya kulala. Kitunguu kilikuwa kimefunga tai.

"Samahani," nikakiambia. "Hicho kiti kimeandikwa Habibu Mkude."

"Soma vizuri," kikajibu.

Nikasoma. Kimeandikwa Mzee Machozi.

"Mzee Machozi ndiye mimi," nikasema. "Nchi nzima inajua. Filamu arobaini na saba, na hakuna hata moja ambayo sikulia. Nimelilia wake, nimelilia watoto, nimelilia hata ng'ombe wa kuazima, na watu wakalia pamoja nami."

"Ulilia bila mimi lini?"

Swali la kipuuzi, lakini mkono wangu ukaenda mfukoni. Siri yangu ya kazi ni kipande cha kitunguu ndani ya leso, mfuko wa kushoto. Kamera ikianza, najifuta uso kama mtu mwenye jasho, na machozi yanakuja. Hakuna mwigizaji anayeishika leso kama mimi, nalisema hilo bila kuona haya.

Mshereheshaji anaita, "Mzee Machozi!" Kitunguu kinasimama, kinaweka tai sawa, kinapanda jukwaani. Ukumbi mzima unabubujikwa na machozi. Mgeni rasmi analia mpaka anaazima leso yangu.

"Sikubali!" nikapiga kelele. "Nakata rufaa!"

"Rufaa anasikiliza Daftari," kitunguu kikasema kwenye kipaza sauti.

Daftari nalifahamu. Ni lile la mwendelezo. Tukiwa kazini tunaandika humo kikombe kilikuwa mkono upi na vifungo vingapi vya shati vilikuwa wazi, ili picha ya kesho ilingane na ya jana. Likaingia kwa miguu yake, likapanda mezani, likajifungua.

"Tukio la kumi na mbili," likasoma. "Mama anatolewa nyumbani kwenda kuzikwa. Mtoto wa kiume amesimama uani. Macho: makavu."

Hilo halikuwa tukio la filamu. Hilo ni kweli, lilitokea Morogoro, siku arobaini zilizopita. Majirani walisimama na simu zao juu, wakisubiri Mzee Machozi amlilie mama yake, na mimi sikutoa hata tone. Nilisimama pale kama mtu anayemsubiri fundi bomba. Mwanamke mmoja akasema, "Huyu halii mpaka alipwe." Mdogo wangu Mwanahija, nyumbani tunamwita Hija, alisikia. Aliniangalia, akageuza uso, na tangu siku hiyo hapokei simu yangu. Arobaini ni leo, na amenitumia ujumbe mmoja tu: usije kutuigizia.

"Kilichoandikwa lazima kiendelee," Daftari likasema. "Umeonekana mkavu, utabaki mkavu. Na Mwanahija ameonekana amegeuka, atabaki amegeuka."

"Naomba turudie tukio," nikasema. Kila mwigizaji ana haki hiyo.

"Rudia unavyotaka. Ila bila kitunguu."

Mara ukumbi ni uani kwa mama pale Mafiga, Morogoro, mchana, jua la utosi. Jeneza linatoka mlangoni. Simu zimesimama zenyewe, kila moja kwa miguu yake, na hakuna anayezishika. Hija yuko kizingitini, amenipa mgongo.

Sina wasiwasi. Hii ndiyo kazi yangu. Natetemesha mdomo wa chini, mdomo ulionipa jina mjini. Nakunja paji la uso. Namfikiria yule ng'ombe.

Wapi!

"Tena," nikasema.

Tulirudia mara tisa. Mara ya tisa jeneza lenyewe likaniambia, "Ndugu yangu, wahurumie hawa walionibeba." Simu moja ikaenda kukaa kivulini. Hija hakugeuka. Nikaanza kuogopa, na mimi si mtu wa kuogopa. Niliogopa kwamba nitazeeka nikiangalia mgongo wa mdogo wangu.

Ndipo mlango wa jiko ukapigwa teke. Akatoka mama, mwiko mkononi, kanga kaifunga kiunoni. Hivyo hivyo ndivyo alivyotoka siku ya filamu yangu ya kwanza. Tuliipigia humo humo nyumbani kwake, yeye akitupikia, na mimi nilishindwa kulia mpaka jua likainama. Alitoka amekasirika, akanibandika kipande cha kitunguu kiganjani. Kazi yangu yote ilianzia hapo.

"Habibu! Hawa watu watakula saa ngapi?"

"Mama, machozi hayatoki."

"Unamlilia nani?"

"Wewe."

"Mimi?" Akalitazama jeneza, akazitazama simu. "Na nani kasema lazima iwe leo?"

"Daftari."

Mama akalisogelea Daftari, akalinyooshea mwiko. "Wewe, siku mwanangu anazaliwa uliandika?"

"Sikuwepo, mama."

"Ungekuwepo ungeandika: macho makavu. Katoka kimya, kanikodolea macho kama mkaguzi wa shule. Mkunga kampiga makofi mpaka mkono ukamuuma yeye. Siku tatu nimekaa na mtoto asiyelia! Siku ya tatu, alfajiri, watu wote wameshaondoka, ndiyo akaanza. Hakunyamaza mpaka Ijumaa. Huyu machozi yake yanachelewa. Huo ndio mwendelezo wake, kaandike."

Daftari likajipekua ukurasa kwa ukurasa, halafu likajifunga taratibu.

"Mama," nikasema, "Hija analijua hilo?"

"Atalijulia wapi, naye alikuwa hajazaliwa? Kamwambie."

Kitunguu kikajipenyeza mbele, tuzo kwapani. "Mama, heshima yako. Mimi ndiye mshindi wa..."

"Mshindi, njoo ukakaangwe," mama akasema, akakipasua katikati. "Nusu hii ya Hija, ya kuungia pilau. Nusu hii yako." Akaitumbukiza kwenye mfuko wangu wa kushoto.

"Mama, subiri kidogo."

"Nyama inaungua, mwanangu." Akaingia jikoni, akausukuma mlango kwa kisigino.

Nikaamka. Alfajiri, nyumbani kwangu Dar es Salaam, macho makavu kabisa. Kanzu iko mlangoni. Nikacheka, maana ndoto nyingine ni za kula maharage usiku. Halafu nikaona mfuko wa kushoto umetuna.

Nikainuka, nikatia mkono. Nusu kitunguu, kimepasuliwa sasa hivi, bado kina maji. Naishi peke yangu, na vitunguu vya humu ndani viliisha Jumatatu. Nikakirudisha mfukoni, nikanawa mikono kwa sabuni, nikakaa kitandani, nikampigia Hija.

Akapokea. "Nini?"

"Hija, usikate simu. Una kitunguu hapo jikoni?"

Nikasikia kisu kinawekwa chini.

"Nani kakwambia? Nimepasua kitunguu cha pilau ya mama, nimegeuka kuchukua mwiko wake, nusu haipo. Hapa namgombeza paka."

Nikaanza kumsimulia siku niliyozaliwa. Nilifika kwenye mkunga tu. Machozi yakatoka bila kuniuliza. Nililia kwa sauti mbaya, na makamasi, na kikohozi. Hakuna mwongozaji ambaye angeikubali picha ile.

Yaliyobaki, mpaka nusu ya kitunguu niliyoikuta mfukoni, nilimsimulia Hija huku nalia.

"Hiyo nusu iko wapi?" akauliza.

"Iko kwenye kanzu. Kanzu iko mlangoni. Mimi niko kitandani."

Naye akavuta kamasi.

"Basi ilete, kaka," akasema. "Mafuta bado sijaweka. Na hicho kilio ukimalize huko huko njiani, hapa kuna watu na simu zao."

Nimelia kutoka Kibaha mpaka Chalinze, peke yangu garini. Na nasema bila kuona haya: katika filamu zote arobaini na saba, sijawahi kulia vizuri namna ile.